UZI: Kupiga picha za watu mitaani Nairobi bila kuwapanga. Mtu hatabiriki, kona inatabirika

Kivuli Kirefu (mwenye uzi)

Habari za jioni wadau.

Wiki hii kijana mmoja amenitafuta na swali ambalo nimelisikia mara nyingi. Ana kamera nzuri, anashuka tao (katikati ya jiji) kila Jumamosi, anazunguka kuanzia Railways hadi Globe, kisha anarudi Kayole na picha mia nne za migongo. Akiinua kamera, mtu anageuza uso. Asipogeuza, anasimama wima na kutabasamu kama yuko studio. Wengine wanamjia juu. "Hawa watu hawatabiriki," akaniambia.

Ni kweli hawatabiriki. Huu ni mwaka wa kumi na moja nikipiga picha mitaa ya jiji hili na bado siwezi kusema mtu atafanya nini sekunde mbili zijazo. Lakini kona inatabirika. Jua linatabirika. Dimbwi la mvua linatabirika, na mahali watu watakapoliruka panajulikana tangu asubuhi, maana kila mmoja anaruka palepale alipoona mwenzake ameruka. Picha zangu zilianza kuwa picha siku nilipoacha kufukuza watu nikaanza kujifunza mahali.

Chukua pale Archives, jengo la kumbukumbu za taifa, kwenye sanamu ya Tom Mboya, yule waziri wa zamani. Sanamu yenyewe ilisimamishwa 2011, si mbali na alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969. Nusu ya Nairobi hupeana miadi hapo. "Nipate Archives." Kwa hivyo saa yoyote ya alasiri kuna watu wanaongoja, na mtu anayengoja ana sura ambayo hawezi kuiigiza. Anaangalia simu, anaangalia barabara, anaangalia simu tena. Anahamisha mfuko kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Halafu yule anayengojwa anatokeza upande wa Ambassadeur, na uso unabadilika kabla mwenyewe hajajua umebadilika. Picha iko hapo, na inakaa nusu sekunde. Ukisubiri mpaka watabasamu na kukumbatiana, umechelewa. Hiyo ya kukumbatiana kila mtu anaiona.

Mimi hufika saa tisa na nusu. Nanunua karanga. Nakaa kama nusu saa bila kuinua kamera, imening'inia kifuani wazi kila mtu aione. Dakika kumi za kwanza wanakutazama: wang'arisha viatu, wauza soksi, mhubiri na spika yake. Baada ya nusu saa umeshakuwa kitu cha pale. Siku moja mng'arisha viatu mmoja alimjibu mteja aliyeuliza mimi ni nani: "Huyo ni wa hapa." Sikuwa wa pale, lakini nilijua siku hiyo ningefanya kazi.

Sasa mwanga, maana hapa ndipo wengi wetu tunapotezwa na mafundisho ya intaneti. Tuko karibu kabisa na ikweta. Jua letu linapanda wima na kushuka wima, hatuna ile jioni ndefu ya Ulaya. Mwanga wa dhahabu hapa ni kama dakika arobaini, na ghorofa zinakupunguzia hata hizo. Mchana nao, hasa Machi na Septemba, ikikaribia saa sita na nusu kivuli cha mtu kinaingia chini ya viatu vyake na macho yanakuwa mashimo mawili meusi. Saa hiyo mimi hupumzika au huingia chini ya paa, soko la Marikiti kwa mfano, ambako mwanga unaingia kwa pembeni.

Kuanzia saa kumi na nusu jua linatoka upande wa Uhuru Park na kuteremka na Kenyatta Avenue. Watu wengi saa hiyo wanaelekea mashariki, kwenye steji za matatu za mtaa wa Tom Mboya na River Road, kwa hivyo jua linawapiga mgongoni na vivuli vyao vinawatangulia. Ukisimama ukiwakabili unapata umbo jeusi lenye ukingo wa moto, na hiyo ni picha nzuri mara mbili tatu, ya nne inachosha. Ninachokipenda zaidi ni mwanga uliorudishwa. Angalia Kimathi Street jioni: vioo vya ghorofa vinatupa viraka vya mwanga juu ya lami iliyo kivulini, na viraka vinahama polepole. Mtu anaingia kwenye kiraka, anawaka kwa hatua mbili, anatoka, anarudi kuwa kijivu. Nachagua kiraka kimoja. Napima mwanga wa kiraka, si wa barabara. Kisha nasubiri. Sijui ni nani ataingia, wala sihitaji kujua. Mwaka juzi aliingia mama aliyebeba kioo kikubwa cha kabati kwa mikono miwili, na ndani ya kile kioo kulikuwa na kipande cha anga na uso wa mtoto aliyekuwa anamfuata nyuma. Nisingeweza kumpanga mama huyo hata kwa mwaka mzima.

Julai msiache kazi mkisema jua hakuna. Wingu la Julai ni zuri kwa nyuso, halina kivuli kikali, na watu wanavaa rangi.

Ufundi nitaupitia haraka. Lenzi yangu ni ya milimita 28 kwenye kamera ya fremu kamili. Uwazi wa lenzi f/8, fokasi naifunga kwenye mita mbili na nusu, autofokasi naizima kabisa. Kwa mpangilio huo, kila kilicho kati ya takriban mita moja na nusu na mita kumi kinatoka safi. Shata 1/500 ya sekunde. Mtu anayetembea mwendo wa kawaida husogea kama milimita tatu tu katika muda huo. Ukishuka hadi 1/60 anasogea zaidi ya sentimita mbili na uso wote unakuwa ukungu. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, naiacha ijipandishe yenyewe. Kinachobaki ni kuijua mita mbili na nusu kwa mwili wako. Jizoeze nyumbani: simama, kadiria umbali hadi getini, kisha pima kwa futi ya fundi. Wiki mbili zinatosha.

Na msipige kutoka ng'ambo ya barabara kwa lenzi ndefu. Picha ya mbali inaonyesha kwamba mpigaji aliogopa, na mtu akikugundua umejificha, ana haki ya kukasirika kuliko aliyekuona umesimama mbele yake.

Nawasilisha. Mwenye swali aulize.

Mtoto wa Umoja

Asante mkuu, hii ya viraka sikuwahi kuifikiria. Sisi wa simu je? Kamera sina na sitapata karibuni.

Kivuli Kirefu

Simu inatosha, ndugu. Tena ina faida moja kubwa: tao kila mtu ameshika simu, hakuna anayeshtuka. Bonyeza kidole kwenye skrini mpaka mwanga na fokasi vijifunge mahali ulipochagua, kisha piga kwa kitufe cha sauti, si kwa kugusa skrini, ndipo mkono hautikisiki. Simu nyingi ukishikilia kitufe zinapiga mfululizo. Tumia hiyo kwa mambo ya haraka kama kondakta anaporukia mlango wa matatu ikiwa imeshaondoka. Katika picha kumi na mbili, moja itakuwa na miguu yote miwili hewani.

Lakini nakuomba usalama uuweke mbele. Mgongo kwenye ukuta, simu kwa mikono miwili, na usisimame ukingoni mwa barabara. Mtu wa pikipiki anaipokonya akiwa kwenye mwendo. Ikifika saa kumi na mbili na nusu, toka vichochoro vya nyuma ya River Road. Rafiki yangu alipigwa ngeta (alikabwa shingo na kuibiwa) huko akiwa anatazama picha alizopiga, kichwa kimeinama. Picha zitazame nyumbani.

Dada wa Ngara

Mimi si mpiga picha. Nimesoma uzi huu nikiwa na dukuduku, naomba niseme.

Mwaka uliopita nilikuwa steji nikisubiri gari, nimetoka kumzika shangazi yangu. Sikuwa nalia lakini uso ulikuwa umechoka. Baada ya siku mbili binamu yangu akanitumia picha yangu mwenyewe, imepigwa bila mimi kujua, imewekwa mtandaoni na maneno kuhusu "uchovu wa jiji". Watu mia na zaidi wamechangia. Mmoja ameandika kwamba naonekana nimetupwa na mume. Niliwaza: huyu mtu alinitazama, akaona kitu, akakichukua, akaenda. Hakuwahi hata kuniambia habari ya jioni.

Kaka, wewe unasema uso unaobadilika kabla mwenyewe hajajua. Nani alikupa huo uso?

Kivuli Kirefu

Dada, pole kwa msiba na pole kwa hiyo picha. Swali lako ni la haki na sitalizunguka.

Hakuna aliyenipa. Nauchukua. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba barabara ni ya wote na anayetoka nje ametoka. Pia nilikuwa na hila moja ambayo wapiga picha hufundishana: ukishapiga, usishushe kamera, endelea kutazama nyuma ya mtu kana kwamba ulikuwa unapiga jengo, naye atapita akidhani hakuhusika. Niliitumia sana. Sasa siitumii, na nitaeleza ni kwa nini.

Ilikuwa Aprili, mvua kubwa, upande wa Ronald Ngala. Kulikuwa na mzee anachoma mahindi kwenye jiko la bati. Mvua ilipoanza watu wote walikimbilia chini ya mabaraza. Yeye alikuwa na mwavuli mmoja. Akaufungua akaushika juu ya jiko. Yeye mwenyewe akabaki nje ya mwavuli, mvua inamtiririka kwenye upara, kwenye nyusi, inadondoka kwenye kidevu, na kwa mkono wa pili anapepea makaa kwa kipande cha katoni. Moshi ulikuwa unakusanyika chini ya mwavuli na kutoka pembeni kama pazia. Nilikuwa karibu naye hatua tatu. Nilipiga mara nne. Hakuniona.

Niliiweka mtandaoni usiku huohuo. Ilisambaa kuliko kitu chochote nilichowahi kupiga. Watu walimsifu mzee: bidii, baba wa kweli, na kadhalika. Nilifurahi.

Baada ya wiki tatu nilipita pale, akaniita. Mtu alikuwa amemwonyesha picha na kumweleza aliyepiga anafananaje. Hakupaza sauti. Aliniambia kwamba kwao nyumbani walijua ana kazi ya ofisi. Kazi hiyo aliipoteza miaka miwili nyuma na hakuwa amepata namna ya kuwaambia. Alikuwa akituma pesa kila mwezi, za mahindi, wao wakidhani ni mshahara. Mkewe aliiona picha kwenye simu ya jirani. Wakwe waliiona. Akaniambia, "Picha ni nzuri. Lakini ulifika kwangu kabla yangu."

Niliiondoa siku hiyo. Lakini ilikuwa imeshasambazwa kurasa ambazo sizijui, na ningali nakutana nayo mara mojamoja.

Tangu hapo napiga kwanza, nasalimia baadaye, kila mara. Nashusha kamera nikiwa namtazama mtu machoni. Naenda kwake, namwambia nimempiga picha na kwa nini, namwonyesha. Wengi hucheka na kusema niwatumie kwa WhatsApp. Wachache husema futa, nami nafuta mbele yao waone. Nimefuta picha nzuri kuliko nyingi nilizobaki nazo. Na kama picha inamwonyesha mtu katika shida, uchovu, ulevi, kilio, au kazi ambayo huenda hakumwambia mtu, haitoki kwangu bila neno lake, hata kama hakuniambia nifute.

Kwa hiyo jibu langu, dada, ni kwamba uso wako ni wako hata baada ya kupigwa. Huyo aliyekupiga alitakiwa kuvuka zile hatua tatu. Hakuvuka.

Dada wa Ngara

Nimekuelewa. Sijasema nimekubali kila kitu, lakini nimekuelewa. Na watoto?

Kivuli Kirefu

Watoto nina msimamo mkali. Mtoto anayelala kwenye baraza na chupa ya gundi mkononi, kila mgeni wa kamera Nairobi humpiga wiki yake ya kwanza. Mimi pia niliwahi. Ile picha haihitaji jicho wala subira, inahitaji tu mtoto asiyeweza kukufukuza. Sipigi. Mtoto aliye na mzazi, namwomba mzazi kabla ya kuichapisha popote. Yule mtoto wa kwenye kioo niliyemtaja juu, nilimkimbilia mama yake hadi karibu na Koinange kumwonyesha picha. Kioo chenyewe alikiweka chini kwa tabu sana ili aangalie, na nikaona haya kumsimamisha na mzigo ule. Alisema ni sawa, ila nisimwandike jina.

Karani wa Milimani

Naomba niongeze upande wa sheria kwa kifupi, kwa sababu humu watu husema "barabarani hakuna faragha" kana kwamba ni kifungu. Katiba ya 2010 ina Ibara ya 31 kuhusu faragha na Ibara ya 33 kuhusu uhuru wa kujieleza, ambao unataja ubunifu wa kisanaa. Zote mbili ziko hai kwa wakati mmoja. Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Picha inayomtambulisha mtu ni data yake binafsi. Kifungu cha 52 kinatoa nafuu kwa uandishi wa habari, fasihi na sanaa, lakini kwa masharti, ikiwemo maslahi ya umma. Kwa watoto, kifungu cha 33 kinataka idhini ya mzazi au mlezi.

Si maneno ya kwenye karatasi tu. Septemba 2023 Kamishna wa Data alitoza mkahawa mmoja wa Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za wanafunzi. Hao walikuwa wanajitangaza kibiashara, ni tofauti na msanii. Lakini siku utakapouza ile picha yako ya barabarani kwa kampuni itangaze sabuni, umehamia upande wao. Kwa matangazo, pata idhini ya maandishi.

Kivuli Kirefu

Shukrani sana Karani. Kwenye begi langu kuna kijitabu chenye fomu fupi ya Kiswahili, ukurasa mmoja. Nimeitumia mara chache, lakini mtu akiisoma kwa lugha anayoielewa anajadiliana nawe kama mwenzako.

Baba Wawili

Mkuu hujagusa kanjo (askari wa jiji) na askari wa milangoni. Mimi nimefukuzwa mbele ya benki nikiwa napiga mtu aliyekuwa anavuka barabara tu, wala sikuwa na habari na hilo jengo.

Kivuli Kirefu

Hili linaudhi, najua, ila jaribu kusimama alipo yule askari. Kwenye kona ya Moi Avenue na Haile Selassie kuna bustani ya kumbukumbu ya bomu la tarehe 7 Agosti 1998. Zaidi ya watu mia mbili walikufa hapa Nairobi siku ile. Kisha shambulio la Westgate, lile jengo la maduka, 21 Septemba 2013. Mtu analipwa kidogo kusimama mlangoni akiwa na kazi moja, kumtilia shaka anayetazama jengo kwa muda mrefu. Mimi na wewe ndio tunaotazama kwa muda mrefu.

Kwa hivyo kabla sijaanza namfuata yeye kwanza. "Habari ya kazi, afande. Nitakuwa hapa kwenye kona, napiga watu wanaopita, jengo sitalipiga." Ndani ya begi nina bahasha yenye picha sita zilizosafishwa, inchi 4 kwa 6. Namwonyesha. Picha za karatasi zimenifungulia njia kuliko kitambulisho chochote, kwa sababu anaziona: mama wa mboga, kondakta, wazee wa bustani ya Jeevanjee wakibishana siasa. Anaelewa ninachotafuta. Wengine wananielekeza, "Ngoja saa kumi na moja, kuna mzee wa baiskeli hupita hapa na kuku."

Mahali pa ulinzi maalum, kama Ikulu, usiinue kamera kabisa, na vituo vya polisi vivyo hivyo. Kanjo wakikusimamisha, ongea taratibu. Wakitaka chai, mimi sitoi. Naomba tuende ofisini kwao nikaelezwe kosa langu. Mara zote mbili ilipotokea waliniacha.

Mzee wa Pangani

Vijana, nimefurahi kusoma. Niwape kidogo cha zamani. Msidhani kazi hii imeanza na simu. Priya Ramrakha alizaliwa hapahapa Nairobi mwaka 1935, na miaka ya hamsini alikuwa akizunguka na kamera mji ukiwa chini ya Hali ya Hatari ya wakoloni. Aliuawa akipiga picha vitani Biafra, Nigeria, mwaka 1968, kijana wa miaka thelathini na kitu. Sehemu kubwa ya picha zake ilikaa miongo kadhaa kwenye gereji hapa Nairobi hadi ndugu zake walipozifukua. Ukiwaangalia watu walio humo, wengi hawakuwa wakitazama kamera. Ndiyo maana leo tunaweza kuona watu walivyosimama, walivyoshika kofia, walivyotembea mbele ya askari. Aliyepangwa anakupa nguo zake za Jumapili. Asiyepangwa anakupa Jumanne.

Nawasihi mzitunze, mziandike tarehe na mahali. Mimi nina picha za Government Road (siku hizi Moi Avenue) ambazo sijui ni mwaka gani, na wa kumuuliza hayupo tena.

Kivuli Kirefu

Mzee, asante sana. Shikamoo. Kuhusu kuandika tarehe nimeanza leo.

Uliposema zilifukuliwa kwenye gereji umenikumbusha jambo kuhusu kuchagua picha. Garry Winogrand wa Marekani, mpiga picha aliyezunguka mitaa ya New York kwa miaka mingi, alikuwa akiziacha filamu zake zikae muda mrefu kabla ya kuzisafisha ili asahau alivyojisikia siku ya kupiga. Alipofariki 1984 aliacha kama filamu 2,500 ambazo hazijasafishwa. Mimi siendi mbali kiasi hicho, ila kadi ya kamera naifunga mwezi mmoja. Ukitazama picha siku ileile unaona jasho lako, unaona jinsi ulivyokimbia, unampenda mtu kwa sababu alikuwa karibu kukupiga kofi. Baada ya mwezi unaona kilichomo. Na ule mwezi ndio uliokosekana kwenye picha ya mahindi. Ningekaa nayo, huenda ningerudi kumtafuta mwenyewe kwanza.

Nyingine ni maonyesho ya Picha Mtaani, 2009. Mpiga picha Boniface Mwangi na wenzake walichukua picha za ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 wakazitundika barabarani, mji baada ya mji, watu wakazitazama palepale yalipotokea. Nilisimama nyuma ya mama mmoja aliyeitazama picha moja kwa muda mrefu sana kisha akaigusa ukingoni kwa kidole kimoja. Nilikuwa sijashika kamera bado maishani mwangu. Nilianza kutamani siku hiyo.

Mtoto wa Umoja

Mkuu nimejaribu Jumamosi. Nilikaa Archives dakika hamsini kama ulivyosema. Nimepata picha moja tu, ya jamaa anayejaribu shati la mitumba juu ya shati alilovaa, anajitazama kwenye kioo cha gari lililoegeshwa, na dereva yumo ndani anamtazama. Nilimfuata nikamwonyesha. Akaniambia, "Kumbe linanitosha," akaenda kulinunua.

Kivuli Kirefu

Hongera! Moja kwa dakika hamsini ni nyingi. Nitumie kubwa niione dereva yuko wazi kiasi gani. Kama amefifia nyuma ya kioo usihangaike, maadamu macho yake yanaonekana.

Dada wa Ngara

Nimerudi. Nina swali moja tu. Yule mzee wa mahindi, mlionana tena?

Kivuli Kirefu

Ndiyo dada. Nilisafisha picha ile, inchi 8 kwa 12, nikaiweka kwenye bahasha nikampelekea. Sikumkuta mara mbili. Mara ya tatu nilimkuta. Alipangusa mikono kwa gazeti, akaitoa kwa ncha za vidole, akaitazama. Akasema, "Makaa yametoka vizuri." Kisha, baada ya muda: "Hapa nimezeeka."

Akaniuliza kama naweza kumpiga nyingine, ya kwake yeye, ya kutuma nyumbani. Nikasema sasa hivi. Akakataa. Akasema nije Ijumaa.

Ijumaa alikuja amenyoa ndevu, amevaa koti la kijivu lenye vifungo vitatu na viatu vilivyong'arishwa. Jiko alimwachia mwenzake. Tulitembea wote hadi KICC, lile jumba la mikutano. Alichagua mwenyewe pa kusimama, akataka jengo lote lionekane nyuma yake, nikalazimika kupiga goti ili liingie. Nilijaribu kuzungumza naye ili alegee kidogo, akaninyamazisha kwa mkono. Alisimama wima, mikono ubavuni, mdomo umefungwa, akatazama katikati ya lenzi.

Nilipiga mara moja. Akasema inatosha. Ndiyo aliyoituma kwao, na mkewe ameitundika sebuleni.